Redio ya Masafa Mafupi: Tuchague Vipi kwa Fedha Kidogo?



 Juma hili tunayaweka kando mambo ya malezi na mirathi, tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho wengi hudhani kimekwisha zama zake, nacho ni redio ya masafa mafupi. Kilichotusukuma ni masuali yaliyotufikia kutoka kwa kina mama, hasa wa visiwani na wa vijiji vya mwambao wa kaskazini. Suali ni jepesi kulitamka: nina fedha kidogo, dukani naonyeshwa redio za kila namna, na kila moja imeandikwa kuwa yashika dunia nzima, ninunue ipi? Kulijibu si kwepesi kiasi hicho. Fedha hizo aghalabu ni za upatu, au ni masazo ya matumizi ya jikoni yaliyowekwa kwa miezi, na redio mbovu ikishatoka dukani ni shida kurudishwa.

Miongoni mwa waliotuuliza yumo mama mmoja anayemtunza baba mkwe wake, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye macho yake hayaoni tena. Redio ya mzee imekufa na vipuri vyake havipatikani. Msahafu hawezi kuusoma, msikitini hufika kwa kushikwa mkono, na habari za ulimwengu zilikuwa zikimfikia kwa sikio peke yake. Kwa mzee kama huyu redio si pambo la sebuleni, ni dirisha lake. Basi tumeona tulieleze jambo hili kwa utulivu, ili yeye na wengine wenye haja kama yake wapate kununua kwa ujuzi.

Je, haja ingalipo?

Tuanze na insafu. Mwenye kuishi katikati ya Mombasa, akawa anaridhika na Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam na wenzao, hana haja ya kutumia hata shilingi moja kwa ajili ya masafa mafupi. Redio yoyote ya FM yamtosha. Lakini mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka kama mwangaza wa taa. Kilima huyazuia, na umbali huyamaliza baada ya makumi ya kilomita. Kisiwa kilicho mbali na mnara huachwa, na nahodha aliyevuka mwamba kuelekea bahari kuu huachwa vilevile.

Masafa mafupi hayaendi hivyo. Hupanda juu mpaka kwenye tabaka za hewa zilizotiwa umeme na miale ya jua, takriban kilomita 100 hadi 400 juu ya vichwa vyetu, kisha hurudishwa ardhini mbali sana na pale yalipotoka. Ndiyo sababu redio ya kushika mkononi, ikiwa barazani Faza au Kiunga, huweza kumsikia msemaji aliyeko Cairo au Riyadh, bila ya mnara wowote wa karibu, bila ya bando na bila ya mtandao wa simu.

Wazee wetu walilijua hilo kitambo. Cairo ilianza kusema nasi kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, Uchina mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Ujerumani mwaka 1963. Mwaka 1964 Cairo ikafungua Idhaa ya Qur'ani Tukufu, na kisomo kilichoanza kusikika humo kilikuwa cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Saudia nayo kwa miongo mingi imerusha kisomo kwa masafa hayo hayo. Jirani zetu wa Unguja kwa miaka mingi walisikika jioni kwenye kilohezi 11,735, na wapenzi wa redio walikuwa wakiwatafuta hata kutoka mabara ya mbali.

Lakini haki ya msomaji ni kuambiwa na upande wa pili. Idhaa nyingi zimefunga. Redio ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza Januari 1938, ilizimwa Januari 2023 baada ya miaka 85. Sauti ya Amerika ilinyamazishwa ghafla Machi 2025. Mwenye duka akikwambia kuwa redio hii itakuletea zile idhaa zote ulizozisikia utotoni, elewa kwamba anauza kumbukumbu.

Kwa nini basi bado tunalitaja jambo hili? Kwa sababu mlango wa pili wa nyumba huonekana hauna kazi mpaka siku mlango wa kwanza utakapofungwa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na mitandao ikawa haitegemeki, BBC ile ile iliyokuwa imezima redio yake ya Kiarabu miezi michache kabla ilirudi Mei kwa matangazo ya dharura ya masafa mafupi, ili Wasudani wapate habari. Hapa kwetu, tarehe 30 Disemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja wakati ambapo watu walihitaji mno kujua yanayotokea. Januari 2018 stesheni kubwa za televisheni zilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na redio ya masafa mafupi nyakati hizo hakubakia mikononi mwa uvumi wa sokoni.

Jua idhaa kabla ya kununua redio

Kanuni yetu ya kwanza ni hii: usiingie dukani kabla hujajua unataka kumsikia nani. Mwombe kijana wa nyumbani mwenye intaneti akutafutie ratiba ya msimu huu ya idhaa unazozitaka. Ratiba hiyo itakuwa na mambo matatu: lugha, saa na kilohezi. Yaandike kwenye karatasi uende nayo. Kama idhaa ya mzee imeacha masafa mafupi na sasa husikika kwa FM ya karibu, umeokoa fedha zako kabla ya kuzitoa.

Jueni pia kwamba ratiba hizi hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Redio nyingi nzima zimepelekwa kwa fundi mwezi wa Aprili kwa sababu idhaa imehama na mwenyewe hakuambiwa. Kabla ya kuilaumu redio, tafuteni ratiba mpya.

Saa za ratiba huandikwa kwa saa za dunia, yaani GMT, na hapo wengi hupotea. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia nyepesi: toa tatu. Saa 15 za GMT, ukitoa tatu, ni saa kumi na mbili jioni. Saa 10 ni saa saba mchana. Ikizidi kumi na mbili, toa tena kumi na mbili: saa 18 huwa kumi na tano, na kumi na tano ni saa tatu usiku.

Kuhusu namba za masafa, baadhi ya redio huandika kilohezi, nyingine megahezi, na nyingine mita. Kilohezi 1,000 ni megahezi moja. Ukitaka mita, gawanya 300,000 kwa kilohezi. Kilohezi 6,000 ni mita 50, na kilohezi 12,000 ni mita 25. Wala usihangaike na kila namba. Mita bendi zinazobeba idhaa nyingi ni hizi: ya 49, kuanzia kilohezi 5,900 hadi 6,200; ya 41, kuanzia 7,200 hadi 7,450; ya 31, kuanzia 9,400 hadi 9,900; ya 25, kuanzia 11,600 hadi 12,100; ya 19, kuanzia 15,100 hadi 15,800; na ya 16, kuanzia 17,480 hadi 17,900.

Jua ndilo linaloamua ipi itumike. Mchana, namba kubwa ndizo husafiri vyema, na zile ndogo humezwa njiani. Jua likishatua mambo hugeuka, na mita 49, 41 na 31 hufunguka. Kwa hiyo anayetafuta mita 49 saa sita za mchana, kisha akalalamika kuwa redio haishiki kitu, ameidhulumu redio yake.

Yaliyoandikwa kwenye sanduku

Sanduku lililoandikwa “bendi 12” halina maana kuwa redio hiyo ni bora kuliko ya bendi tisa. Mara nyingi bendi hizo 12 ni FM moja, masafa ya kati moja, na vipande kumi vya masafa mafupi. La muhimu ni vipande hivyo vinaanzia wapi na kuishia wapi. Toa karatasi yako, tazama uso wa redio, uhakikishe kwamba zile namba za idhaa yako zimo. Redio nyingi za bei ndogo huishia megahezi 18, na hilo si kosa. Lakini zipo zenye mapengo katikati, na huenda idhaa uitakayo ikawa ndani ya pengo hilo.

Mapambo mengine yanaongeza bei bila kuongeza usikivu. Tochi, kengele ya hatari, taa za rangi, paneli ndogo ya sola mgongoni: vitu hivi havileti sauti kutoka mbali. Paneli ya ukubwa wa kiganja haiwezi kuijaza betri kwa siku moja, na redio ikiachwa juani kwa ajili hiyo plastiki yake hukakamaa na betri huharibika. Tundu la memori kadi tunalitoa katika lawama hii. Kwa nyumba yenye mtu asiyeona, au mtoto anayehifadhi, kadi yenye juzuu thelathini ni msaada mkubwa, na kisomo chake hakina mikwaruzo.

Vilevile wauzaji husifu uwezo unaoitwa SSB, na bei hupanda kwa ajili yake. Huo ni wa kuwasikiliza mabaharia na watu wa redio za uraibu wanaozungumza wao kwa wao. Kwa habari, mawaidha na kisomo hauhitajiki. Yeyote mwenye fedha za kuhesabu asiulipie.

Daraja tatu za redio

Daraja ya kwanza ni redio ndogo za kuzungusha kifungo na kufuata sindano. Mfano wake ni Tecsun R-9012 na XHDATA D-219, zote za Uchina, na zote hutumia mawe madogo mawili ya AA. Uzuri wake ni wepesi na bei. Udhaifu wake ni kwamba mita bendi nzima hukaa katika upana wa vidole viwili, hivyo kumfikia msemaji mmoja kunataka mkono mtulivu. Katika zile zilizotengenezwa kwa mtindo wa kale, idhaa yenye nguvu huweza kujitokeza mahali pawili, penye namba yake na tena kilohezi 910 chini yake. Idhaa iliyoko 15,400 utaikuta pia 14,490, ikiwa dhaifu. Ukikutana nayo usidhani umepata idhaa mpya.

Daraja ya pili ni redio zenye namba za kidijitali, kama Tecsun PL-310ET inayotumia mawe matatu ya AA, au PL-330 inayotumia betri aina ya BL-5C, ile ile ya simu za kale za Nokia. Unaandika namba au unaitafuta, kisha unaihifadhi kwenye kumbukumbu ya redio. Redio haitangitangi na idhaa haitelezi. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya daraja ya kwanza.

Daraja ya tatu ni redio kuukuu za jina kubwa, mfano Sony ICF-SW7600GR, ambayo haitengenezwi tena. Nyingi zilifika pwani mikononi mwa mabaharia na jamaa waliokuwa Uarabuni. Ikipatikana iliyotunzwa, usikivu wake hushinda mpya nyingi. Lakini ni redio isiyo na dhamana wala vipuri, na mwenye kununua mara moja tu katika miaka mitano asijitie katika hatari hiyo ila kwa ushauri wa fundi anayemwamini.

Sasa tumjibu mama wa mzee asiyeona. Watu watamshauri achukue ya sindano, kwa kuwa kifungo kinashikika. Sisi twaona kinyume chake, ikiwa fedha zinaruhusu. Sindano huhitaji macho ya kuiona, na kuitafuta idhaa katika upana wa vidole viwili gizani ni adhabu. Redio yenye kumbukumbu mtu huiandaa mara moja, kisha mzee hubonyeza tu. Mkwe ahifadhi idhaa tatu au nne, abandike kipande cha plasta juu ya kitufe anachokihitaji mzee, na tone la nta juu ya kile cha kuwasha, ili kidole kijue. Halafu kila mwisho wa Machi na wa Oktoba aketi naye nusu saa, abadilishe zile zilizohama. Fedha zisipofika huko, basi achukue ya sindano, na mtu mmoja wa nyumbani ajitolee kumwekea idhaa kila jioni kwa saa yake. Kazi hiyo apewe mjukuu, nayo itakuwa khidma na mazungumzo ya kila siku baina ya mtoto na babu yake.

Hesabu ya mawe

Bei ya redio si ile inayolipwa dukani peke yake. Tupige mfano wa hesabu. Tuseme redio imenunuliwa kwa shilingi 1,500, nayo yala mawe mawili kila wiki mbili, na mawe mawili ni shilingi 100. Mwaka una wiki 52, hivyo ni mara 26, na jumla yake ni shilingi 2,600. Mawe ya mwaka mmoja yamepita bei ya redio yenyewe. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa ndipo inapouvunja.

Kwa hiyo muulize muuzaji mambo mawili: yatumia mawe ya aina gani, na je, ina tundu la umeme la waya wa simu? Mawe ya kuchajiwa upya bei yake ni ya juu mwanzoni, lakini hutumika mara mamia, na kwa nyumba yenye sola hurudisha gharama upesi. Jihadhari na redio yenye betri ya umbo lisilouzwa popote mjini kwenu. Betri hiyo ikifa, redio imekufa pamoja nayo.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani baada ya Alasiri, karibu na Magharibi, kwa kuwa huo ndio wakati ambapo idhaa huanza kusikika kwa wingi. Usiijaribu redio ndani ya duka lenye taa nyingi za LED na chaja za simu. Hapo hata redio bora hulia kama kikaango. Omba utoke nayo nje. Nyosha antena yote. Tafuta mita bendi ya 31 au ya 25, na uhesabu: ukipata idhaa tatu au nne zinazoeleweka maneno, redio ni nzima. Ukipata moja tu inayojirudia kila mahali, irudishe.

Kisha mikono ifanye kazi yake. Zungusha kifungo cha sauti polepole. Kikikwaruza kikiwa kipya, kitakufa mapema. Zungusha kifungo cha idhaa mbele na nyuma. Kama sindano inachelewa kufuata, ndani mna ulegevu. Geuza antena pande zote, maana shingo yake ndiyo huvunjika kwanza. Fungua mfuniko wa mawe utazame springi. Mwisho, patana na muuzaji mbele ya shahidi kwamba utairudisha kesho yake ikiwa haikushika nyumbani, na mwombe aandike kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, maana kuzijua aibu za bidhaa ni haki ya mnunuzi, na kuzificha ni ghushi.

Ikifika nyumbani

Redio ikikwaruza nyumbani, zima vitu kimoja kimoja: taa za LED, chaja, televisheni, mashine ya sola. Mara nyingi mwizi wa sauti ni chaja ya bei ndogo iliyosahauliwa ukutani. Nyumba ya mawe yenye kuta nene na paa la mabati huzuia mawimbi, wakati nyumba ya makuti huyapitisha. Weka redio dirishani au barazani. Kwa masafa ya kati usihangaike na antena ya kuvuta, kwa kuwa hayo hupokewa na kijiti kilicho ndani ya redio. Izungushe redio yote mpaka sauti ikae sawa.

Dawa kubwa ya masafa mafupi ni waya. Chukua waya mwembamba wa mita tano hadi saba, ufunge ncha moja kwenye antena kwa kibanio, ile nyingine uitundike kwenye mwarobaini uliopo uani. Idhaa iliyokuwa ikinong'ona itasema. Lakini redio ndogo hulemewa na waya mrefu kupita kiasi, idhaa zikachanganyika, hapo ufupishe. Waya usipite karibu na nyaya za umeme kwa hali yoyote, na mvua za radi zikikaribia uondolewe kabisa kwenye redio. Watoto wafundishwe hilo siku ile ile waya unapofungwa.

Adui wa mwisho ni chumvi ya bahari. Hewa yetu hula chuma kimyakimya. Redio ifunikwe kwa kitambaa inapopumzika, na isiachwe kwenye ukumbi usiku. Kama haitatumika kwa wiki mbili, mawe yatolewe, kwa sababu mawe yanayovuja huua redio nyingi kuliko kuanguka.

Kusikia na kupima

Tumalize kwa tahadhari mbili, ya kwanza ya ibada na ya pili ya habari.

Makka na Mombasa zimo karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na saa zetu ni sawa, kwa hivyo wapo wanaodhani kuwa adhana ya Makka isikikayo redioni yatosha kufuturia. Haitoshi. Makka iko mbali kaskazini, na jua lake hutua kwa wakati mwingine. Mwezi wa Juni Magharibi ya Makka huja takriban dakika 50 baada ya yetu. Mwezi wa Disemba huja takriban dakika 50 kabla yetu, wakati jua la Mombasa lingali juu ya upeo. Mwenye kufuturu kwa adhana hiyo mwezi wa Disemba amekula mchana. Mzee asiyeona, ambaye redio ndiyo saa yake, na aambiwe jambo hili waziwazi, kisha afuate adhana ya msikiti wake au kalenda ya mji wake.

Ama habari, sura ya al-Hujurat imetufunza kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kila idhaa ina mwenyewe anayeilipia, na kila anayelipa ana jambo analolitaka. Cairo, London, Beijing, Riyadh, Bonn: hakuna kati yao anayetusemesha kwa ajili ya sadaka peke yake. Faida ya redio ya masafa mafupi ni kwamba hukuwezesha kusikia tukio moja kwa ndimi tatu ndani ya jioni moja. Wanapoafikiana, pana uzito. Wanapohitilafiana, subiri. Familia inayosikiliza pamoja ikaulizana nani kasema nini, na kwa nini kasema hivyo, imewapa watoto wake elimu ambayo simu ya mkononi, kila mmoja na yake pembeni, haiwapi.

Basi nunueni kwa kipimo, bila israfu wala ubahili. Redio ya bei ya kati inayodumu miaka minane ni bora kuliko tatu za bei ya chini zinazokufa kila mwaka, na redio yoyote ile, hata ndogo, ikiwa imewekwa idhaa yake na kuachwa karibu na mkono wa mzee, ni miongoni mwa wema kwa wazazi. Juma lijalo, inshallah, tutarejea kwenye masuali ya mirathi tuliyoyaahirisha.